Kizuri Hakijiuzi: Namna ya Kupata Kazi za Huduma Katika Kampuni za Karibu

Mazungumzo kwa vikundi vya vijana, vikundi vya wanawake na wenye biashara ndogo za huduma, Mombasa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mwenye kuuza maembe katika soko la Kongowea, methali hii ni kweli. Embe zuri huonekana na hunukia, na mpita njia husimama mwenyewe. Lakini anayeuza huduma hana embe la kuweka mezani. Kusafisha matangi ya maji, kutengeneza viyoyozi, kufua sare, kupikia wafanyakazi chakula cha mchana, kuandika hesabu, zote ni kazi zisizoonekana mpaka zifanywe. Na kampuni haizunguki sokoni kuzitafuta. Humpigia simu mtu ambaye tayari inamjua.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Ujuzi upo. Kampuni nazo zipo: maghala ya Shimanzi, viwanda vya Changamwe na Jomvu, vituo vya makasha vya Port Reitz na Miritini, afisi za uwakala wa forodha katikati ya mji, hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu. Hata hivyo, asubuhi gari la kampuni ya usafi kutoka mbali huingia langoni, huku kijana ambaye nyumba yao imepakana na ukuta wa kiwanda hicho hicho akisimama nje kuuliza kama kuna kibarua. Mara nyingi wanachotofautiana ni kitu kimoja: mmoja alijua mapema kuwa kazi ipo na nani wa kumwona, mwingine hakujua.

Mazungumzo haya yanahusu namna ya kujua mapema.

Makosa mawili ya mwanzo

Chukua mfano wa kikundi cha vijana watano wa Changamwe. Kikundi chenyewe ni cha kubuni, ila makosa yake ni ya kila siku. Wamenunua mashine ya kusafishia kwa shinikizo la maji, na wanajua kuosha matangi na sakafu za maghala. Maji ya mfereji Mombasa huja kwa zamu, kwa hiyo karibu kila afisi, ghala na hoteli ina matangi yake. Kazi haiwezi kukosekana.

Kosa la kwanza: wanachapisha karatasi 500 za matangazo na kuzigawa kwenye kila lango wanalolipita. Bawabu anazipokea kwa adabu na kuziweka chini ya kiti. Karatasi haikuandikiwa mtu yeyote, basi hakuna anayeisoma.

Kosa la pili ni la hatari zaidi. Mtu anawauzia kwa shilingi 3,000 orodha ya nambari za simu 1,000, akisema ni za mameneja wa kampuni. Nambari nyingi hazipatikani. Zinazopatikana ni za watu binafsi wanaouliza kwa hasira, "Nambari yangu umeitoa wapi?" Swali hilo lina sheria nyuma yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazuia kutumia habari za mtu binafsi kwa biashara bila idhini yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Anayenunua orodha za aina hiyo anatoa pesa zake ili ajiingize matatani. Nambari ya mapokezi iliyoandikwa kwenye ubao wa kampuni ni jambo jingine; hiyo imewekwa hadharani ili watu wapige.

Orodha ya kampuni 20

Kinachofaa ni orodha fupi ambayo mwenyewe ameiandaa. Kampuni 20 zinatosha kuanzia, zote ziwe mahali panapofikika kwa miguu au kwa nauli ya matatu moja. Sababu ni hesabu tu. Kazi ya karibu haimalizwi na nauli, mteja akiita kwa dharura mtu hufika kabla ya nusu saa, na kampuni jirani huulizana. Meneja wa ghala moja akiridhika, wa ghala la pili atasikia.

Kwa kila kampuni, daftari liwe na mambo sita: jina la kampuni na mahali ilipo, inafanya nini, huduma gani inaihitaji na dalili iliyoonekana, sasa inahudumiwa na nani, kama inajulikana, cheo cha anayeamua, na tarehe ya kurudi. Daftari la shilingi hamsini linatosha. Anayetumia simu au kompyuta ni sawa, mradi aandike siku ile ile.

Kujua nani anaamua kuna uzito wake. Katika afisi ndogo ya forodha, mara nyingi ni mwenye kampuni au mhasibu wake. Katika hoteli, mambo ya usafi yako kwa msimamizi wa vyumba, na mambo ya maji na umeme yako kwa mhandisi. Katika kiwanda kikubwa kuna afisa wa ununuzi. Kumwandikia mkurugenzi mkuu barua kuhusu kuosha tangi ni kuipeleka barua kabatini.

Dalili za kazi na mahali zinapoonekana

Dalili ya kazi ni badiliko. Kampuni iliyotulia na inayohudumiwa vizuri haina haja na mgeni. Kampuni inayohama, inayojenga, inayoongeza watu au inayolalamika ndiyo yenye haja. Mabadiliko hayo yanaonekana kwa anayetazama.

Kwanza, ubao wa ujenzi. Kila eneo la ujenzi mkubwa huwa na ubao unaotaja mwenye mradi, mkandarasi na wataalamu wake. Ghala linalopaa leo litahitaji kusafishwa kabla ya kufunguliwa, kisha walinzi, kunyunyiziwa dawa ya wadudu na kuzolewa taka. Hata kabla ya hapo, mafundi 60 wanaojenga wanahitaji chakula cha mchana.

Pili, matangazo ya serikali. Gazeti rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Ndani yake, na katika magazeti ya kawaida, hutangazwa ripoti za athari za miradi kwa mazingira ili wananchi watoe maoni. Tangazo hutaja mradi na mahali ulipo. Wengi huliona kuwa habari ya wanasheria, kumbe ni habari ya kazi inayokuja, na huja mapema kuliko ubao.

Tatu, habari za waliopata zabuni za serikali. Tangu agizo la rais la mwaka 2018, taasisi za umma zinatakiwa kuchapisha zabuni zilizotolewa na waliozipata, na tovuti ya serikali ya zabuni ni wazi kwa kila mtu. Kijana wa Miritini huenda hana uwezo wa kujenga barabara. Lakini mkandarasi aliyepata barabara hiyo anakuja na mitambo, wala haji na mpishi, vyoo vya muda, mlinzi wa usiku wala gari la kubeba wafanyakazi. Hivyo atavitafuta hapa, na atawachukua wa kwanza kufika.

Nne, matangazo ya kusajili watoa huduma. Kampuni kubwa, saccos, hospitali na shule za kibinafsi hualika watoa huduma waombe kuwekwa kwenye orodha yao kwa mwaka mmoja au miwili. Asiyekuwa kwenye orodha haulizwi bei kamwe. Anayetaka aulize mapokezi: "Orodha yenu hufunguliwa mwezi gani?" Jibu aliandike.

Tano, msimu. Hoteli nyingi za ufuoni hupata wageni wachache wakati wa masika, Aprili hadi Juni, na huo ndio wakati wa kupaka rangi, kutengeneza mapaa na kuosha matangi. Anayebisha mwezi wa Mei amekuta wenzake wako juu ya ngazi. Hodi ya kazi hiyo hupigwa Februari.

Sita, watu wanaozunguka lango. Mama mwenye kibanda cha chakula mbele ya kiwanda hujua zamu imeongezwa kabla ya mtu mwingine yeyote, maana anaongeza sufuria. Bawabu anajua gari la taka halijaja wiki mbili. Fundi wa jokofu anayeingia jikoni mwa hoteli anaona kuwa mapaa yanavuja. Hawa ni majirani. Wakiheshimiwa na kusalimiwa hata siku isiyo na shida, watasema. Nao wakipewa habari ya kazi inayowafaa wao, watasema zaidi.

Huduma ambazo sheria inazidai

Liko chimbuko jingine la kazi ambalo wachache hulikumbuka: mambo ambayo kampuni inalazimika kuyafanya kila mwaka, apende asipende mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pakaguliwe usalama angalau mara moja kila miezi 12. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Kanuni za kupunguza hatari ya moto, za mwaka huo huo, zinataka mazoezi ya kukimbia moto yafanywe angalau mara moja kwa mwaka.

Ukaguzi wenyewe hufanywa na wataalamu walioidhinishwa, si kila mtu. Ila kila ukaguzi huacha orodha ya marekebisho: kupaka alama za njia za kutokea, kufunga taa za dharura, kuondoa takataka ghalani, kurekebisha reli za ngazi. Hizo ni kazi za fundi wa mtaani. Na tarehe yake inajulikana, kwa sababu itarudi mwaka ujao. Swali moja la adabu kwa msimamizi wa ghala, "Ukaguzi wenu huwa mwezi gani?", lina thamani kuliko karatasi 500.

Sheria zinamhusu pia mtoa huduma. Anayenyunyiza dawa ya wadudu kibiashara anahitaji leseni ya PCPB, bodi inayosimamia dawa hizo. Fundi wa umeme anahitaji leseni ya EPRA. Anayebeba taka anahitaji kibali cha NEMA. Kampuni ya ulinzi husajiliwa na PSRA. Asiye na leseni asiuze huduma hiyo. Ashirikiane na mwenye nayo, kila mmoja afanye sehemu yake.

Makaratasi kabla ya hodi

Kikundi cha Changamwe kinaporudi na orodha yake ya kampuni 20, mhasibu wa ghala moja anasema, "Sawa, leteni makaratasi." Siku hiyo ndiyo kazi nyingi hupotea.

Makaratasi yenyewe si mengi. Cheti cha kusajiliwa kwa jina la biashara au kampuni, ambacho huombwa kupitia eCitizen. PIN ya KRA ya biashara. Cheti cha kutodaiwa kodi, ambacho hudumu miezi 12. Leseni ya biashara kutoka kwa kaunti. Akaunti ya benki yenye jina lile lile lililosajiliwa. Kwa wenye kuajiri, bima ya ajali za kazini chini ya sheria ya WIBA ya mwaka 2007, kwa sababu hakuna meneja anayetaka mtu asiye na bima aingie ndani ya tangi lake.

Kisha iko eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, kwa kawaida kampuni haikubaliwi kuhesabu gharama katika kodi yake ya mapato bila ankara ya eTIMS. Maana yake kwa lugha ya sokoni ni hii: mtu anayetoza shilingi 40,000 bila ankara hiyo ni ghali kwa kampuni kuliko anayetoza 45,000 akiwa nayo. Vikundi vingi hudhani vimekataliwa kwa sababu ya ukabila au kutojulikana, kumbe vimekataliwa kwa ankara. KRA haitozi ada ya kujisajili kwenye mfumo huo.

Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wana nafasi nyingine tena. Sheria imewatengea asilimia 30 ya ununuzi wa serikali, na cheti cha AGPO ndicho kinachowatambulisha. Cheti hicho hakiilazimishi kampuni ya kibinafsi. Hata hivyo, makaratasi yanayotakiwa ili kukipata yanakaribiana sana na yale ambayo kampuni zitayauliza. Mwenye kuyaandaa mara moja ameandaa njia mbili.

Hodi tatu

Mila ya Pwani inajulikana. Mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipojibiwa, huondoka bila kinyongo na kurudi siku nyingine. Mwenye huduma afuate mila hiyo.

Hodi ya kwanza ni ya kujitambulisha na kuuliza. Iwe fupi, na itaje dalili iliyoonekana: "Tumeona mmefungua ghala la pili. Sisi ni majirani wenu hapa Changamwe, tunaosha sakafu na matangi. Ni nani anayeshughulikia mambo hayo?" Hakuna kutaja bei. Anayetaja bei ya tangi ambalo hajaliona ama ataumia yeye, ama atamuumiza mteja.

Hodi ya pili ni baada ya wiki moja hivi, kwa mtu aliyetajwa, na ombi ni dogo: kuruhusiwa kuona mahali pa kazi ili kuandika bei. Hapo mtu apime, ahesabu maji, sabuni, watu na saa, kisha alete bei ya maandishi siku aliyoahidi. Kuahidi Jumanne na kuleta Jumanne ni tangazo tosha.

Hodi ya tatu ni ya kuuliza jibu. Likiwa hapana, mtu ashukuru na aulize jambo moja: "Kandarasi ya mnayemtumia sasa inakwisha lini?" Tarehe hiyo iingie daftarini. Mwenye hasira akiondoka anafunga mlango wa mwaka ujao.

Kwenye hodi zote hizo, mtu akiombwa kitu kidogo ili jina lake lipite, ajue kuwa Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inahusu kampuni za kibinafsi kama inavyohusu afisi za umma, na mtoaji ana hatia sawa na mpokeaji. Kazi iliyonunuliwa kwa hongo hunyang'anywa na mwenye hongo kubwa zaidi.

Kazi inayoweza kukiua kikundi

Sasa kikundi kimepata kazi. Kampuni kubwa inataka usafi kila mwezi kwa shilingi 40,000, na gharama ya mishahara, sabuni na nauli ni shilingi 26,000. Kila mmoja anashangilia faida ya 14,000. Lakini kampuni hulipa siku 60 baada ya ankara.

Tufanye hesabu polepole. Ankara ya kwanza inatolewa mwisho wa mwezi wa kwanza, na inalipwa mwisho wa mwezi wa tatu. Kufikia siku hiyo kikundi kimetumia 26,000 mara tatu, yaani shilingi 78,000, kabla ya kupokea senti. Wasio na akiba hukopa kwa simu kwa riba kubwa, au huacha kuwalipa vijana, na mwezi wa pili hakuna anayekuja kazini. Kampuni inasema, "Tulijua hawa wa mtaani hawawezi." Kumbe kazi waliiweza, ila mtaji wa kungojea hawakuwa nao.

Dawa yake ni kuuliza siku za malipo kabla ya kutoa bei, na kuomba ziwe 14 au 30, au sehemu ilipwe mwanzoni. Kuuliza pia kama kuna kodi itakayozuiwa kwenye malipo. Kutoanza kazi bila LPO au barua ya kampuni, na kila siku ya kazi msimamizi atie sahihi kwamba imefanyika. Na kwenye zile kampuni 20, kuchanganya: wateja wadogo watatu wanaolipa siku hiyo hiyo ndio wanaomlisha mtu huku akimngojea mkubwa mmoja.

Mwisho

Ndugu wananchi, bandari haitahama, wala ufuo hautahama. Kampuni zitaendelea kununua huduma kila mwezi kutoka kwa mtu fulani. Swali ni kama mtu huyo atakuwa jirani yao.

Wiki ya kwanza, makaratasi yaandaliwe. Wiki ya pili, daftari litembezwe na majina 20 yaandikwe. Wiki ya tatu, hodi za kwanza zipigwe, tano kwa siku. Wiki ya nne, kurudi kwa waliosema turudi. Wengi watasema hapana, na hilo si ajabu. Hata mvuvi hatupi wavu mara moja.

Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata.